Dampa za mjengo hazifi kwa uzee, hufa kwa kukosa mtu wa kuzitunza

Na MWANDISHI WETU

SIKU ya kumwaga slabu ni siku isiyo na subira. Kokoto zimeshafika, mchanga umerundikwa, mashine ya kuchanganyia zege imeanza kunguruma kabla ya saa moja asubuhi, na vibarua wamepangwa kuanzia penye mifuko ya saruji hadi juu ya mbao. Kila mmoja anamtegemea mwenzake. Mashine moja ikikwama, watu 30 husimama.

Mwandishi wa makala haya alishuhudia kisa cha aina hiyo miaka kadhaa iliyopita katika mjengo mmoja wa ghorofa viungani mwa jiji la Nairobi. Dampa ndogo ya kubebea zege, ile ambayo mwendeshaji wake husimama nyuma yake, ilizima ghafla katikati ya njia ikiwa na shehena. Makanika aliyeitwa alifungua plagi, akaisugua, akairudisha. Injini ikakataa kuwaka. Akafungua kabureta. Ikakataa vilevile. Karibu saa nzima ilipita hivyo, zege likiwa limelala katika beseni la dampa na jingine katika mashine ya kuchanganyia, huku jua likizidi kupanda.

Hatimaye kibarua mmoja wa makamo, ambaye hakuwa makanika, aliuliza iwapo kuna mtu aliyetazama oili. Hakuna aliyekuwa ametazama. Kijiti cha kupimia kilipochomolewa, kilitoka kikavu.

Injini hiyo haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefanya kile ilichoundwa kufanya. Ndani yake mna kifaa kinachokata moto wa plagi pindi oili inaposhuka chini ya kiwango cha usalama, ili vyuma visisagane. Oili ilipotiwa, injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba. Hata hivyo, slabu ile ilibaki na mstari mahali ambapo zege jipya lilikutana na lile lililokwisha kuanza kuganda, na mstari huo ulionekana wazi mbao zilipobanduliwa.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi mjengoni ana kisa chake cha namna hii. Kinachoshangaza ni kwamba hitilafu nyingi za dampa hazitokani na ubovu wa mashine wala ukongwe wake. Hutokana na mambo madogo ambayo mtu mmoja mwenye kitambaa, spana na robo saa ya asubuhi angeyaona kabla ya kazi kuanza. Tatizo ni kwamba katika mijengo yetu mingi mtu huyo hayupo. Dampa huendeshwa na yeyote aliye karibu, na kwa hivyo haina mwenyewe.

Kwa wasiozifahamu, dampa ndogo za injini ndizo zilizochukua kazi ya wilbaro katika mijengo mikubwa. Huwa na beseni mbele, la chuma au la plastiki ngumu, na injini nyuma yake. Nyingine mwendeshaji hutembea nyuma yake, nyingine husimama juu ya kibao kidogo. Zile kubwa zaidi, kama zinazoundwa na kampuni ya Thwaites ya Uingereza, huwa na kiti na usukani, na hutumia dizeli. Makala haya yanahusu hasa zile ndogo zinazotumia petroli, ingawa mengi yanayosemwa hapa yanazihusu zote.

Dampa ya kawaida ya kundi hili hubeba takriban mita za ujazo 0.45 za zege, mzigo unaokaribia kilo 1,100. Wilbaro moja hubeba lita 60 hivi. Tuchukue slabu ya mita mraba 100 yenye unene wa sentimita 15. Slabu hiyo huhitaji mita 15 za ujazo za zege, yaani safari 250 za wilbaro, au safari 34 za dampa. Mkandarasi akishapanga vibarua wake kwa hesabu ya dampa, hawezi kurudi ghafla kwa hesabu ya wilbaro. Hana watu wa kutosha, wala hana muda.

Muda huo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Viwango vya saruji huitaka ile ya nguvu ya 32.5 isianze kuganda kabla ya dakika 75 tangu itiwe maji, na ile ya 42.5 isianze kabla ya dakika 60. Hivyo ndivyo viwango vya chini kabisa. Mara nyingi saruji huchukua muda mrefu zaidi, lakini jua kali huufupisha. Zege lililokwisha kuanza kuganda halishikamani barabara na linalomwagwa juu yake au kando yake. Mahali hapo hubaki udhaifu, na pengine njia ya maji kupenyeza hadi kwenye nondo. Ndiyo maana dampa inayozima saa nne asubuhi si hasara ya mwenye mashine pekee. Ni hasara itakayokaa ndani ya jengo kwa miaka mingi.

Turudi basi kwenye ile robo saa ya asubuhi.

Kazi ya kwanza ni oili, na hupimwa kabla ya injini kuwashwa, dampa ikiwa imesimama mahali tambarare. Ikiwa imeinama, kijiti kitadanganya. Injini ya Honda GX390, ambayo imefungwa katika dampa nyingi za aina hii, huhitaji takriban lita 1.1 tu za oili. Kiasi hicho ni kidogo, hivyo kupungua kwa robo lita ni jambo kubwa. Watengenezaji wake hushauri oili ya kwanza ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita, lolote litakalotangulia.

Saa 100 zasikika kama muda mrefu. Lakini dampa inayofanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, huzimaliza katika wiki mbili na siku moja. Mijengo mingi husubiri oili iwe nyeusi tititi na nzito ndipo ikumbukwe, na wengine huongeza tu kila inapopungua bila kumwaga ile ya zamani. Oili kuukuu haipungui tu. Huwa imebeba vipande vidogo mno vya chuma na uchafu, na kila mzunguko wa injini huvipitisha tena mahali pale pale. Ni vyema imwagwe injini ikiwa ingali na joto, kwani huteremka haraka na kutoka na uchafu wake.

Oili hiyo iliyomwagwa, oili chafu kama inavyoitwa, ina soko lake. Wapo wanaopaka nguzo za ua ili kuzuia mchwa, na wapo wanaoipaka kwenye mbao za slabu ili zege lisishike. Matumizi haya ya pili hayafai, kwa kuwa huacha madoa kwenye zege na hutatiza kazi ya kupiga plasta baadaye. Kuimwaga ardhini ni vibaya zaidi, hasa katika viwanja vyenye visima. Ikusanywe katika mtungi wenye kifuniko na ipelekwe kwa wanaoinunua ili kuisafisha upya.

Baada ya oili hufuata hewa. Iwapo kuna jambo moja ambalo mazingira yetu huliadhibu bila huruma ni kichujio cha hewa. Injini hizi zilibuniwa na watu waliojua vumbi, lakini vumbi la mjengo ni la namna yake: lina saruji, lina unga wa mawe ya kujengea yanayokatwa hapo hapo kwa msumeno, na wakati wa kiangazi lina udongo mwekundu uliokanyagwa na malori hadi ukawa poda. Kichujio kikiziba, injini hukosa pumzi, hula petroli nyingi, hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu kwenye mteremko, mahali ambapo nguvu inahitajika zaidi. Kikitoboka, mambo huwa mabaya zaidi, kwani vumbi hilo huingia ndani na kuisugua silinda kama msasa.

Kitabu cha injini husema kichujio kitazamwe kila siku na kisafishwe kila baada ya saa 50 za kazi, na mara nyingi zaidi panapokuwa na vumbi. Kwa mjengo wa kawaida wa hapa nchini, hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Kichujio cha injini nyingi za aina hii huwa na sehemu mbili. Ya nje ni sponji. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, hutiwa oili safi kisha hukamuliwa. Ya ndani ni karatasi, nayo haioshwi. Hugongwagongwa taratibu juu ya kitu kigumu ili vumbi lidondoke, au hupulizwa kwa upepo usio na nguvu nyingi kutoka ndani kwenda nje. Kuisugua kwa brashi ni kulisukuma vumbi ndani ya nyuzi zake. Ikiwa imeraruka au imelowa oili, itupwe na kununuliwa nyingine.

Injini yenyewe hupozwa kwa upepo wa feni unaopita katikati ya mapezi yake ya chuma. Zege likirukia hapo na kukauka, au nyasi na vumbi vikijaa kwenye wavu wa feni, joto halina pa kutokea. Ukaguzi wake ni wa kutupa jicho tu na hauchukui hata dakika moja, lakini injini zilizoungua kwa sababu hii si haba.

Plagi nayo hutazamwa kila baada ya saa 100 na hubadilishwa ifikapo saa 300. Pengo lake kwa injini iliyotajwa hapo juu ni kati ya milimita 0.7 na 0.8. Plagi iliyojaa masizi meusi makavu mara nyingi huwa inashtaki kichujio kilichoziba; iliyolowa oili huashiria kwamba ringi za pistoni zimeanza kuchoka. Makanika mwenye uzoefu huisoma plagi kabla hajagusa kitu kingine chochote, ijapokuwa, kama kisa chetu kilivyoonyesha, hata yeye yafaa aanze na kijiti cha oili.

Petroli inaonekana kama jambo lisilohitaji maelezo, lakini hapa pia pana mitego. Mafuta ya mjengo huletwa kwa jerikeni, na jerikeni hiyo pengine jana ilibeba maji. Matone machache yakiingia kwenye tangi hukaa chini, hufika kwenye kabureta na injini huanza kukohoa. Aidha, Kenya ilikuwa na tatizo la muda mrefu la mafuta kuchanganywa na mafuta ya taa, kiasi kwamba mnamo 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru maalumu wa Sh18 kwa lita ili kuondoa kishawishi hicho. Jerikeni ya dampa iwe ya dampa pekee, iwe na kifuniko, na mafuta yapitishwe kwenye kichujio. Injini izimwe na kuachwa ipoe kwa dakika kadhaa kabla ya kutiwa petroli. Mjengoni si vigumu kumwona mtu akitia mafuta injini ikinguruma, sigara ikiwa mdomoni.

Kwa dampa za dizeli, maji hukusanyika katika kichujio cha mafuta na sharti yafunguliwe na kumwagwa mara kwa mara. Isitoshe, dizeli isiachwe ikaisha kabisa kwenye tangi. Ikiisha, hewa huingia kwenye mirija na injini haitawaka hata ikijazwa mafuta tele hadi hewa hiyo itolewe, kazi ambayo si kila kibarua anaijua.

Sasa tufike kwenye sehemu zinazohusu mwili wa mtu moja kwa moja.

Dampa ndogo nyingi huwa na mkono wa usalama. Mwendeshaji anapoushika, mashine hutembea. Anapouachilia, hurudi yenyewe mahali pa katikati na mashine husimama. Umewekwa kwa sababu moja: mtu akiteleza, akianguka au akibanwa, mkono wake utaachilia bila yeye kufikiri, na mashine isimame. Mkono huo hushikiliwa na springi na waya, na vyote viwili hupatwa na kutu, hujaa zege na hukwama. Basi kila asubuhi ujaribiwe, beseni likiwa tupu na mahali pakiwa wazi: shika, songa hatua mbili, achilia. Mashine isiposimama papo hapo, isitumike siku hiyo.

La kusikitisha ni kwamba wapo wanaoufunga kwa waya wa kufungia nondo. Hufanya hivyo kwa kuwa springi ngumu huchosha kiganja baada ya safari 20, na msimamizi hupita asiseme neno, au huwa hajui kile waya ule umezima. Mwendeshaji wa dampa anaporudi kinyumenyume hutazama njia kwa kugeuza kichwa. Akifikia ukuta au nguzo bila kujua, kinachosimama kati yake na mashine ya uzito wa nusu tani au zaidi ni mkono huo tu. Mguu hubanwa, pengine kiuno. Kama springi inachosha, dawa yake ni kutia mafuta kwenye kiungo chake, kusafisha waya wake au kubadilishana waendeshaji, na wala si kuufunga.

Breki hujaribiwa vivyo hivyo, kwanza mahali tambarare kisha kwenye mteremko mdogo, kabla ya mzigo wa kwanza. Beseni tupu husamehe mengi ambayo beseni lililojaa halisamehi. Njia za mbao na vichuguu vya udongo ambavyo dampa hupandia navyo vitazamwe wakati huo huo, kwa sababu breki nzima haisaidii kitu juu ya ubao uliooza.

Magurudumu ndiyo yanayoumia kuliko yote katika mijengo yetu. Mbao za slabu zikibanduliwa, misumari hutapakaa kila mahali, na hakuna anayekumbuka kuiokota hadi dampa ipate pancha. Mwendeshaji azunguke mashine yake asubuhi akitazama kila tairi, apime upepo kwa kifaa badala ya kuipiga teke, na ahakikishe magurudumu ya pande mbili yana upepo sawa. Tofauti ndogo huinamisha beseni, na mzigo wa kilo 1,000 ulioinama kwenye kona ndio huangusha dampa ubavuni. Nati za magurudumu zikazwe, hasa katika siku za kwanza baada ya tairi kubadilishwa, kwa kuwa hulegea kadiri zinavyojikalia.

Nyingi za dampa hizi huinua beseni, na baadhi huendesha magurudumu, kwa nguvu za haidroli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa haidroli ufa huo huanza kama tone moja la oili chini ya mashine baada ya usiku mzima. Tone hilo lisipuuzwe. Mpira unaovuja leo hupasuka kesho, na hupasuka ukiwa na mzigo. Tahadhari moja ni muhimu sana hapa: mvujo wa oili yenye shinikizo kubwa usitafutwe kwa kidole. Mchirizi mwembamba usioonekana kwa macho unaweza kupenya ngozi na kuingiza oili mwilini, jeraha ambalo kwa nje huonekana dogo lakini huhitaji daktari mara moja. Atumie kipande cha kadibodi, akipitishe polepole kandokando ya mpira huku amevaa miwani ya kinga.

Vilevile, mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya beseni lililoinuliwa bila kuliegemeza kwa nguzo yake ya chuma. Haidroli hushikilia beseni hadi dakika ile inapoacha kulishikilia.

Jioni ina kazi yake, na pengine hiyo ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka na anawahi matatu. Dampa ioshwe kabla zege halijakauka. Maji na brashi vyatosha ikiwa kazi hiyo inafanywa papo hapo. Ikiachwa hadi asubuhi, huhitaji nyundo, na nyundo hupinda beseni la chuma na kupasua lile la plastiki.

Hasara ya zege lililoganda kwenye beseni yaweza kupigiwa hesabu. Tuseme eneo la ndani la beseni ni mita mraba 1.5, na tabaka la zege kavu lina unene wa sentimita mbili tu. Hizo ni lita 30 za zege, sawa na takriban kilo 70. Dampa itazibeba kilo hizo kila safari, kwenda na kurudi. Kwa safari 50, itakuwa imebeba tani tatu na nusu za mzigo usiomfaa mtu yeyote, kwa petroli iliyonunuliwa. Zaidi ya hayo, uzito huo uko mbele, hivyo huisukuma mashine kuelekea kuinama pale breki zinapokanyagwa ghafla.

Wakati wa kuosha, mpira wenye maji ya nguvu usielekezwe kwenye injini iliyo moto, kwenye kichujio cha hewa wala kwenye beringi za magurudumu. Maji yakiingia kwenye beringi huisukuma grisi nje, na kutu huanza usiku uo huo. Mashine ikishakauka, beseni lipakwe utando mwembamba wa oili maalumu ya mbao za zege, na siku ya kesho kazi ya kuosha itakuwa nusu.

Mara moja kwa wiki, au kila siku kukiwa na kazi nzito ya mvua na tope, pini za beseni na viungo vya usukani hutiwa grisi. Grisi ya zamani iliyojaa mchanga ifutwe kwanza, la sivyo mpya itauingiza mchanga huo ndani. Grisi hutiwa hadi ile safi ichungulie pembeni. Pini isiyotiwa grisi hulia kwanza, kisha hutanuka tundu, kisha beseni huanza kucheza, na kufikia hapo bushi zote zinahitaji kubadilishwa.

Mwambao wa Pwani una maradhi yake ya ziada. Mombasa, Kilifi na Diani, hewa ya chumvi hula vichwa vya betri, bolti na nyaya haraka kuliko bara, na vumbi la mawe ya matumbawe ni laini kama unga. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi, na kichujio cha hewa kitazamwe hata mara mbili kwa siku mawe yanapokatwa karibu.

Je, ni nani anayepaswa kuyafanya haya yote? Hapo ndipo penye mvutano. Dampa nyingi hukodishwa kwa siku. Mwenye mashine husema aliyekodi ndiye anayeitumia, naye aliyekodi husema hawezi kutengeneza mali isiyo yake. Katikati yao dampa hufanya kazi wiki tatu bila mtu kufungua kifuniko cha oili. Makubaliano ya kukodi yapaswa kusema waziwazi, kwa maandishi, nani hutazama oili na kichujio kila siku, nani hulipia vipuri, na mashine imepokewa ikiwa imefanya saa ngapi kwa mujibu wa mita yake.

Sheria haiwaachi wawili hao wakirushiana lawama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humwajibisha mwenye mahali pa kazi kuhakikisha kwamba mitambo inayotumika hapo ni salama na inatunzwa, awe ameinunua au ameikodi. Sheria iyo hiyo humtaka mfanyakazi atoe taarifa kwa msimamizi anapoona hali anayodhani ni ya hatari. Mtu akiumia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, humdai mwajiri. Kibarua wa siku moja huogopa kusema breki ni mbovu kwa kuwa kesho huenda asiitwe tena, na foromani anayemnyamazisha hujiwekea deni ambalo mwajiri wake ndiye atakayelilipa.

Njia rahisi ambayo baadhi ya wakandarasi wameifuata ni kumkabidhi mtu mmoja kila dampa, pamoja na daftari la shule la kurasa 96. Kila asubuhi huandika tarehe, saa zilizosomwa kwenye mita, oili aliyoongeza, alichoona na jina lake. Daftari hilo lina faida ambayo haionekani siku ya kwanza. Likionyesha kwamba dampa imeongezwa oili mara tatu kwa wiki moja, hakuna haja ya kusubiri izime siku ya slabu ili ijulikane kuwa inaila au inaimwaga mahali. Mwendeshaji naye, anapojua jina lake limo, huacha kuegesha mashine yake chini ya kiunzi ambako zege hudondoka.

Mwishoni mwa mwaka mijengo mingi hufungwa na vibarua kuelekea mashambani. Dampa itakayokaa zaidi ya mwezi mmoja imwagwe petroli yote, kwenye tangi na kwenye kabureta, kwani petroli inayolala huacha utando unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Betri itenganishwe. Mashine iinuliwe au magurudumu yajazwe upepo, na ifunikwe turubai lisilogusa ardhi ili unyevu utoke. Inaporudishwa kazini Januari, kabla ya kuvuta kamba, kifuniko cha feni kifunguliwe. Si mara moja wala mbili ambapo injini iliyokuwa nzima Desemba imeungua wiki ya kwanza ya kazi, na chini ya kifuniko hicho kikapatikana kiota cha panya kilichosokotwa kwa nyuzi za mifuko ya saruji.